Mashahidi wa Bawa la Kushoto

4 Machi

Mdogo wangu Kichwa Kigumu,

Pokea salamu za kutosha wewe, wifi yangu na huyo mtoto mnayenificha. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha umri. Simu yako huko milimani naona imegeuka pambo. Kila nikipiga naambiwa hupatikani, basi nimerudi kwenye kalamu kama enzi za marehemu Mama. Dereva wa lori la magogo ameahidi kukufikishia bahasha hii hapo kiwandani kwenu, barabara ikimruhusu. Ukijibu, mpe yeye.

Nyumbani hatujambo. Paa la jikoni limezibwa. Paka amezaa ndani ya kapu la nguo na sasa nafua kwa ruhusa yake. Baba hajambo, anakula, anatembea, anagombana na redio. Usianze.

Sasa sikia. Bibi Harusi amepata watu! Majirani hawajaacha kuiita hivyo ndege ya Baba, maana tangu tukiwa wadogo inapambwa tu na haitoki nje. Watu wa klabu ya uwanja mdogo wa ndege, wale Baba aliowachongea mapangaboi ya mbao ya kuvutia ndege zao bila kuwadai kitu, wamesikia kwamba mzee ameweka patasi chini na ndege imebaki mifupa mitupu. Wamekuja kuimalizia. Wanajitolea, kila Jumamosi, chai tu ndiyo wanayokunywa kwetu. Wanasema wanataka Baba aione ikiruka akiwa hai.

Mkubwa wao ni mwalimu mstaafu wa hesabu, anaisoma ile michoro ya zamani ya Baba kama anasoma gazeti. Yupo mama mmoja mshonaji wa mahema, yeye atashona kitambaa cha mabawa. Na yupo rubani, aliyekuwa akinyunyizia mashamba dawa kutoka angani. Anacheka mpaka vikombe vinatikisika. Yeye ndiye atakayeirusha.

Kabla hawajaja nimesafisha karakana, maana ilikuwa aibu tupu. Ule mfuko wa vipande vya mbao chini ya meza, vile Baba alivyokuwa akiviita mashahidi, nimewashia jiko wiki nzima. Vikavu vile, vinashika moto haraka! Vya chini vilikuwa vimevunjikavunjika vyote, ila vya juu vizima kabisa, vimebandikwa viwili viwili, nikavionea hata huruma kuvitia motoni.

Sikuiti, nakuarifu tu. Ukija, ni kwenu. Usipokuja, hiari yako.

Dada yako, mwenye mgongo


27 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa kwenye lori, daraja lilikuwa chini ya maji. Wifi yako anakusalimu sana. Mtoto ameota meno mawili na anang'ata kila kinachopita, amemrithi shangazi yake. Mimi nimewekwa kwenye msumeno mkubwa, hata nikilala nausikia.

Nafurahi Bibi Harusi amepata watu. Lakini nina maswali, na nakuomba usinizungushe.

Hivyo vipande ulivyovichoma, unajua vilikuwa nini? Umeishi navyo nyumba moja ukadhani ni uchafu. Kila siku Baba alipochanganya gundi na dawa yake ya kuikazia, kabla hajagusa ndege, alibandika kwanza vipande viwili vya mbao kwa gundi hiyohiyo. Huyo ndiye shahidi. Kesho yake anambana kwenye meno ya jiliwa na kumpiga nyundo. Mbao ikipasuka lakini gundi ikashika, kazi ya jana ni halali. Vikiachana pale kwenye gundi, kazi yote ya jana inang'olewa, hata kama ilikuwa ya kutwa nzima. Mimi nimelia mara ngapi kwa sababu ya hiyo nyundo, wewe mwenyewe umeniona.

Kwa hiyo vilivyovunjika vilikuwa kazi nzuri. Shahidi mzima maana yake hakupigwa nyundo. Baba alimbandika, akamsahau. Na umesema vizima ndivyo vilivyokuwa juu, yaani vya mwishomwisho. Kazi ya mwisho ya Baba ni bawa la kushoto.

Niambie ukweli, alianza kusahau lini? Nilisema siku ile mezani kwamba mkono wa Baba umeanza kukosea. Baba akanifukuza karakana, akasema nisikanyage tena pale mpaka yeye mwenyewe atume mtu kuniita. Na wewe ukasema mbele ya wageni kwamba namwonea wivu mzee. Sijasahau, Dada. Lakini siulizi kwa ajili hiyo.

Mdogo wako


18 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imenikuta nimeinama juu ya beseni, nimeisoma na povu mikononi. Hatujambo sote. Yule jirani yetu muuza mkaa amepata mjukuu wa kike, kelele usiku kucha, na bado anatembea kifua mbele kama kajifungua yeye. Paka amehamia kabatini na familia yake.

Umeniuliza maswali kama polisi, makubwa haya! Nami nakujibu: Baba hajambo.

Bawa la kulia limeshavaa. Mdogo wangu, laiti ungeona! Mshonaji ana sindano ndefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko. Yeye anakaa upande mmoja wa bawa, mimi upande wa pili. Anaichomeka, mimi naivuta huku na kumrudishia, mshono kwa mshono, kila ubavu wa mbao unafungwa na kitambaa chake. Siku hizi mimi ni fundi wa ndege, uniamkie vizuri. Mkaguzi wa ndege naye alikuja mapema, akalikagua hilo la kulia likiwa wazi, akaridhika, la kushoto akalipitishia macho tu akasema ni mwenzake. Mwalimu akamwambia, kazi ya mzee huyu haikaguliwi mara mbili. Baba alisimama pale amenyoosha mabega, ungedhani ana miaka thelathini.

Juzi alimwita Mshonaji kwa jina la Mama. Tulicheka. Birika tulilitafuta asubuhi nzima, tukalikuta kwenye droo ya patasi. Nani asiyesahau? Wewe ulisahau viatu shule ukarudi pekupeku.

Rubani naye amenitengenezea geti. Hakuombwa. Akija anakuja na mkate, na mimi namwuliza vijiko vingapi vya sukari ingawa najua ni vitatu. Usicheke, nakuona unavyocheka.

Unataka nikawaambie nini watu hawa? Kwamba mzee wanayemvulia kofia alikuwa... Chai inachemka, acha nikaiepue.

Dada yako


11 Mei

Dada,

Shikamoo. Huku wazima wote.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta jibu, nikakuta birika. Hilo birika ndilo jibu.

Nisikilize vizuri. Gundi iliyokosa dawa ya kutosha inakauka kwa macho tu. Ukiigusa ni ngumu, ukiitazama inang'aa. Ndege ikiwa chini, bawa litakaa vizuri hata mwaka. Hewa ikianza kulivuta, mbavu zitaachia boriti kuu ya bawa, mmoja baada ya mwingine, na aliye ndani hatakuwa na la kufanya. Huyo mtu wako wa mkate ndiye atakayekuwa ndani.

Wasilivalishe bawa la kushoto. Kitambaa kikishapakwa ile rangi ya kukikaza, hakuna jicho litakaloona kilichomo.

Mimi siji. Nilisema mara moja nikafukuzwa, na Baba hajatuma mtu. Ukisema naringa, sawa, kichwa kigumu nimekitoa kwake yeye. Mwambie Mwalimu. Wewe ndiye unayeishi naye, wewe ndiye uliyeona.

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Kwako kimya. Dereva anasema mvua imekata barabara kule juu, basi nakusamehe. Wifi hajambo? Meno yamefika mangapi? Mfumie mtoto kofia, na kama hamjui kufuma nitafuma mimi.

Bibi Harusi amevaa, mdogo wangu! Mabawa yote mawili. Tumepaka ile rangi tabaka juu ya tabaka, nyumba nzima ikanuka mpaka paka akahama na wanawe. Sasa ukilipiga bawa kwa kidole linalia kama ngoma. Wamepanga kuirusha Jumamosi ya mwisho ya Juni.

Jumamosi iliyopita walimkalisha Baba ndani, kwenye kiti cha rubani. Akashika usukani, akatazama kulia, akatazama kushoto. Akauliza, "Nani kaitengeneza hii?" Rubani akamwambia, "Ni wewe, mzee." Baba akacheka. "Mimi? Basi mimi fundi kweli!" Watu wote wakaangua kicheko. Mimi nilienda jikoni kumenya vitunguu. Siku hiyo hatukuwa tunapika kitu cha vitunguu.

Nikuambie na hili, ulisikie kwangu. Rubani amesema ndege ikishatua ana swali la kumwuliza Baba, na angependa nami niwepo. Mimi si mtoto, najua ni swali gani. Nilidhani mambo hayo yalishanipita. Jana nimejikuta naimba nikifagia, nikajiona mjinga, nikaendelea.

Yale maswali yako ya Machi nimeacha kuyafikiria. Karibu nimeacha.

Dada yako


10 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ya Mei imefika, dereva kaileta pamoja na tope lake. Imekuja wakati bawa limeshavaa.

Sina habari za nyumbani leo. Baba amelala. Mimi nimekaa karakana, nimeliangalia hilo bawa mpaka nimechoka, jeupe, zuri, halina hata mkunjo.

Nilijua. Unataka niandike, haya. Alipoanza kunichanganya mimi na Mama, alikuwa bado anakwenda karakana kila siku, na mimi nilimfungia mlango kwa nje ili asipotee njiani, nikajiambia akiwa na gundi yake ametulia. Nilifurahi kwamba ametulia! Sikujua kwamba anajenga kifo cha mtu.

Nikisema, kitambaa kitachanwa, na kazi itaanza upya. Baba wa leo si Baba wa baada ya bawa jipya. Kila wiki kuna kitu kinaondoka kwake. Na watajua wote kwamba mzee hakuwa na akili zake, waliokuwa wakimvulia kofia wataanza kumwonea huruma, naye huruma ndiyo asiyoiweza. Nisiposema, nakaa naye mezani mtu huyu, namkatia mkate alioununua mwenyewe, na najua. Jana nilimtilia chumvi kwenye chai. Akainywa yote, akasema asante.

Njoo useme wewe. Nakupigia magoti kwa wino. Wewe fundi, watakusikia. Mimi mdomo haufunguki.

Dada yako


1 Julai

Mdogo wangu,

Hujajibu. Sijui ni barabara au ni wewe. Nilimvizia dereva kila siku mpaka akaanza kunikimbia.

Hakuna aliyekufa. Nakuandikia hilo kwanza.

Ijumaa walimpakia Bibi Harusi kwenye lori hadi uwanjani, wakayafunga mabawa. Jumamosi asubuhi mtaa mzima ulikuwa pale. Waliposukuma ndege kutoka kwenye banda, wanawake wakapiga vigelegele, "Katoka! Bibi Harusi katoka!" Baba walimwekea kiti mbele, kavaa koti lake la harusi za watu. Rubani alikuwa na kofia yake ya ngozi kichwani, mguu mmoja umeshapanda.

Nikamwambia, "Shuka."

Akacheka. "Nini tena, umesahau kunipa mkate?"

"Shuka kwanza. Nina neno."

Sijui aliona nini usoni kwangu, akashuka. Nikasema, tena kwa sauti, maana nilijua nikinong'ona nitanyamaza: "Bawa la kushoto Baba alilijenga akiwa ameshaanza kupotea. Mimi nilijua. Mashahidi wake hawakuvunjwa, na mimi nimewachoma moto."

Mwalimu akasema, "Dada, umechoka. Mzee huyu? Haiwezekani." Wengine wakaanza kunisogeza pembeni, kwa upole, kama mtu aliyepandwa na homa. Basi nikachukua mkasi kwenye kapu la Mshonaji na kulichana bawa. Lilitoa mlio mmoja mkubwa, ukasikika uwanja mzima. Mshonaji akashika kichwa, "Wee! Mishono yetu!" Yetu, alisema. Nilimshonea upande wa pili mimi mwenyewe.

Mlio ule ndio uliomwinua Baba kitini. Alikuja moja kwa moja, akanitoa njiani kama mlango, akaingiza mkono mle nilimochana. Akagonga ubavu mmoja kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akagonga wa pili. Hata mimi nilisikia, ulilia kama kabati bovu. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama alivyokuwa akikunyooshea wewe, na Rubani akamtilia bisibisi mkononi. Baba akaichomeka, akasukuma kidogo tu. Ubavu ukaachana na boriti, safi, hata unyuzi wa mbao haukukatika. Gundi ilikuwa inang'aa.

Rubani alikaa chini kwenye majani.

Baba akageuka, kakasirika, yule Baba wa zamani hasa. "Kazi ya nani hii?"

Mwalimu alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Naijua," Baba akasema. "Ni ya yule kijana wangu. Ana haraka sana yule. Hakuvunja shahidi. Aitwe! Aje aing'oe yote aifanye upya, nami nitasimama hapahapa namwangalia."

Nilitaka kusema siyo. Wallahi nilifungua mdomo. Watu wote pale walijua siyo, maana wewe uliondoka kabla bawa hilo halijaanzwa. Rubani, akiwa palepale chini, akanishika mkono, nikafumba mdomo.

Basi. Baba ametuma mtu kukuita. Mtu mwenyewe ni mimi. Na yale ya mezani, ulisema kweli na mimi nikakuaibisha mbele ya wageni. Nimeandika mara moja, usiniombe nirudie.

Rubani aliondoka siku hiyo bila kuniaga. Jana amekuja na mkate, akauweka mezani, akasema, "Ungechelewa kidogo tu." Kisha akakaa, na chai akanywa, lakini hakucheka. Lile swali hajauliza, nami siwezi kumlaumu. Mwalimu na Mshonaji wamesema wataanza upya, Jumamosi hiihii, ila hakuna kati yao anayejua gundi kama ulivyofundishwa wewe.

Kama hutaki kubebeshwa kosa lisilo lako, sitakuhukumu. Nilitaka kumwambia Baba umesafiri, nikijua kesho yake atakuwa amesahau. Majina yetu anasahau. Kula anasahau. Hili hajasahau. Kila asubuhi akifungua macho ananiuliza, "Amefika?"

Dada yako


14 Julai

Dada,

Shikamoo, na kwa Baba shikamoo ya kupiga goti.

Barua zako tatu, ya mwisho wa Mei, ya Juni na ya Julai, nimepewa pamoja leo, barabara ndiyo kwanza imefunguka. Safari hii sikunyamaza kwa kiburi. Nilizisoma nimekaa juu ya gogo, mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimeitwa nyumbani.

Nisikudanganye, nilikasirika. Nilifukuzwa kwa kusema kweli, sasa naitwa kwa jambo ambalo sikulifanya. Nilipasua mbao mchana kutwa na hasira hiyo kifuani, na jioni wifi yako akaniuliza kama kweli nitakubali kuitwa fundi mbovu mbele ya watu. Lakini wakati ananiuliza nilikuwa tayari nachagua mbao za mbavu. Nimepata nyepesi, zenye nyuzi zilizonyooka, hazina fundo hata moja. Baba atazigeuza na kuzinusa, na hatakosa la kulalamikia.

Nakuja na lori la Jumatatu, mimi, wifi na mwenye meno. Mpaka nifike, usichome kitu. Rubani mpe chai yenye sukari. Mtu aliyekushika mkono wakati ule ataliuliza swali lake, mpe nafasi tu.

Na Baba usimwondolee neno lake. Akifungua macho akauliza kama nimefika, mwambie niko njiani, tena mwambie nimekiri. Bawa lile ni kazi yangu. Nilikuwa na haraka, shahidi sikumvunja, naomba radhi. Mwambie gundi nitapima mimi mbele yake, na shahidi wa kwanza akishakauka nitambana kwenye jiliwa, nyundo atashika yeye.

Kijana wake mwenye haraka